Usiache urithi juu ya mawe



Ziko nyumba nyingi nchini mwetu ambazo nyuma ya jiko, au chini ya mwembe, kuna gari lililowekwa juu ya mawe. Matairi yalishauzwa. Kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mgeni akiuliza anajibiwa, “Hilo ni gari la marehemu baba.” Jibu linatolewa kwa heshima kubwa, huku gari lenyewe likioza. Leo tutafakari namna ya kupokea urithi.

Familia moja ya Mbinga ilikuwa na gari la namna hiyo: Land Rover ya pikapu, ile ndefu iitwayo 109, ya dizeli. Baba alilinunua kwa fedha za kahawa. Lilibeba magunia, wagonjwa, maharusi na majeneza. Alipofariki likakaa uani miaka tisa.

Watoto walikuwa watatu. Mkubwa alitaka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, fedha zigawanywe. Binti hakujali liuzwe au libaki, alichotaka ni sehemu yake isipotee kwa kuwa ni mwanamke. Mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka alifufue libebe saruji na mabati, maana kila wiki alikodi kirikuu na faida ikaishia kwenye nauli. Mama yao hakutaka liguswe. “Mkilibadilisha,” alisema, “mtakuwa mmemzika baba yenu mara ya pili.” Ikafika mahali ndugu hao hawapeani mikono hata kanisani wakati wa kutakiana amani.

Katika Injili ya Luka, sura ya 12, mtu mmoja anamwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu anakataa kuwa mgawaji wao, kisha anawaonya watu juu ya choyo. Basi padre naye asijifanye hakimu wa mirathi. Waliponijia niliwaambia waanzie panapostahili. Msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, ili hata kadi ya gari ibadilishwe jina kihalali. Gari lithaminiwe kama lilivyo, bovu. Anayelitaka amlipe mama na ndugu zake haki yao. Mwenye duka alikubali kulipa kidogo kidogo, na dada yake akaandikiwa kiasi kilekile cha kaka yake. Haki ilitangulia, spana zikafuata.

Siku fundi alipofika, kijana alitaka injini ingurume siku hiyohiyo. Fundi, mzee wa miaka mingi gereji, alimkatalia. “Mwanangu, kwanza lijue kusimama, ndipo liende.” Akaanza na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Gari likikaa muda mrefu, vyuma vya ndani hushika kutu na mipira hukauka. Barabara za Mbinga ni milima na miteremko, na gari lenye injini nzima lakini halina breki ni jeneza lenye magurudumu.

Baada ya breki akamwaga dizeli ya zamani, akasafisha tangi, akabadilisha mipira ya rejeta iliyopasuka. Akafungua nozeli, akatia oili kidogo kwenye silinda, akaiacha ilowe. Kesho yake akaizungusha injini kwa mkono, taratibu, kabla ya kuunganisha betri.

Sisi waamini tunapenda kuanza na mngurumo. Mtu akirudi kanisani baada ya miaka kumi anataka Jumapili ya kwanza ashike maikrofoni, achangie, aongoze jumuiya. Ni vizuri. Lakini je, ulimi una breki? Pombe ina breki? Hasira dhidi ya mke na watoto ina breki? Ari bila kiasi huumiza waliopakiwa nyuma.

Likaja jambo zito zaidi. Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana mabati yake mengi ni ya alumini. Alumini haili kutu kama chuma. Lakini chasisi, yaani mifupa inayobeba gari zima, ni ya chuma. Kwa hiyo Land Rover inaweza kupendeza juu na kuoza chini. Fundi alilala mvunguni na nyundo ndogo, akaigonga chasisi hatua kwa hatua akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Nyuma kulikuwa na sehemu mbili zilizooza. Akazikata, akachomelea chuma kipya. Mama alisimama pale akiona vipande vya kutu vinaanguka kama majani ya chai, na tangu hapo hakuzuia tena kazi.

Katika Mathayo 23, Yesu anawafananisha wanafiki na makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri nje, ndani mifupa ya wafu. Tungeweza kuongeza: na magari yaliyopigwa rangi juu ya chasisi iliyooza.

Lakini gari likibadilishwa breki, mipira na vipande vya chasisi, bado ni la baba? Seminarini tulisoma swali hilo kwa Wagiriki wa kale. Plutarch anasimulia juu ya meli ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha mbao zilizooza, hadi wanafalsafa wakabishana kama ni meli ileile. Mtume Paulo anatusaidia kwa njia nyingine. Katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, anamkumbusha imani iliyokuwa kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hamwambii aifungie sandukuni. Anamwambia aichochee kama moto, iwake ndani yake mwenyewe.

Wapo Wakatoliki ambao imani yao iko juu ya mawe. Rozari ya mama imetundikwa ukutani, cheti cha ubatizo kiko kabatini, na wanasema, “Sisi ni Wakatoliki tangu babu.” Babu alisali. Wewe je?

Tuwe wakweli pia: si kila urithi unafaa kufufuliwa. Chasisi ikiwa imekwisha yote, mwenye hekima huiacha iende. Uhasama wa koo, au desturi ya kumnyang’anya mjane nyumba, ipelekwe kwenye chuma chakavu bila machozi.

Land Rover ile leo inafanya kazi ya duka. Haipakizwi zaidi ya mifuko kumi ya saruji, na haikimbizwi. Kila asubuhi, kabla ya mzigo, hukaguliwa oili, maji na breki. Fundi alisisitiza isikae wiki nzima bila kutembea, maana kilichomaliza gari hili si kazi, ni kukaa. Sala nayo ni hivyohivyo, kidogo kila siku.

Wiki hii, chukua nyundo ndogo ya dhamiri, pita mvunguni mwa maisha yako, ugonge na kusikiliza. Palipo na sauti butu, mwone fundi. Kitubio kipo.

Dominika njema.