MISTARI YA LATITUDO NA TRIKO ZETU



Kila mwaka wadogo wetu wa klasi za chini wanakuja na swali lile lile: kama kitabu cha jeografia kinasema tuko katika ukanda wa joto, juu ya nini hapa Butembo asubuhi tunaenda ibadani na triko? Wengine wanakata neno kwamba kitabu kinadanganya. Sisi wa mwaka wa sita tunajibu: hakidanganyi, lakini hakisemi yote.

Tuanze na ile mistari yenyewe. Hakuna mtu aliyeichora chini. Ni hesabu ya digri, kutoka 0 kwenye ekwateri mpaka 90 kwenye ncha ya kaskazini, na vilevile kusini. Digri moja ni kama kilometa 111. Mistari mitano ndiyo inayogawa kanda: ekwateri katikati, tropiki mbili kwenye digri 23 na nusu hivi, na duara mbili za ncha kwenye digri 66 na nusu hivi. Haikuwekwa ovyo. Dunia inazunguka jua ikiwa imeinama digri 23 na nusu, kwa hiyo jua linaweza kusimama wima juu ya kichwa kati ya tropiki mbili tu. Na ukipita duara za ncha, kuna siku jua halichomozi hata kidogo.

Lakini jua la wima lina nini? Chukueni tochi usiku (mbele ya saa ya kulala, tafadhali!) na mumulike ukuta. Ukiishika sawa, mwanga ni duara ndogo na unawaka sana. Ukiiinamisha, mwanga ule ule unatandaa mahali pakubwa na kuwa hafifu. Ni vile tu kwa dunia. Siku jua linaposimama wima juu ya ekwateri, mwanga unaoanguka saa sita ya mchana katika shamba moja la huku, kule Oslo, inchi ya Norwe, kwenye digri 60, unagawanywa kwa mashamba mawili.

Sasa triko. Kisangani iko nusu digri tu kaskazini ya ekwateri. Butembo iko kilometa kama 15. Ukishika barabara ya Lubero unavuka ule mstari. Kwa latitudo ni mapacha. Lakini Kisangani iko kwenye meta kama 400 juu ya bahari, na sisi tumepita 1 700. Kila meta 1 000 za kupanda zinaondoa digri kama 6 za joto. Fanyeni hesabu: ni karibu digri 8, na hizo ndizo triko zetu. Ruwenzori nayo iko karibu na ekwateri, lakini ina meta 5 109 na barafu juu yake, ingawa inaisha: mwaka 1906 ilikuwa kama kilometa 6,5 za mraba, mwaka 2003 haikufika hata 1.

Kwa mvua, jua ndilo linaongoza. Mahali linapokuwa wima hewa inapata moto, inapanda, inapoa huko juu, na maji yake yanaanguka. Jua linapita ekwateri mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 21 mwezi wa 3 na tarehe 23 mwezi wa 9. Ndiyo maana wazazi wetu wana majira mawili ya kupanda maharagi. Lubumbashi iko karibu digri 12 kusini. Jua linapita pale mwisho wa mwezi wa 10, linashuka mpaka tropiki ya kusini, kiisha linarudi kupita tena katikati ya mwezi wa 2. Hizo mara mbili zinakaribiana mno, basi mvua inakuwa moja tu, tangu mwezi wa 10 au wa 11 mpaka wa 4. Miezi inayobaki ni vumbi.

Tunalisema kwa sababu watu wa kwetu wanahamia mbali. Mtu akifika Katanga na kalenda ya Butembo kichwani, akapanda mahindi mwezi wa 3, mvua itamkimbia mahindi yakiwa bado magotini. Na jirani yake aliyepanda mwezi wa 11 atakuwa anajitayarisha kuvuna.