Hazina Isiyoguswa: Mpango wa Chiang Mai na Ushirikiano wa Asia Mashariki

Mgogoro wa fedha ulioanzia Thailand Julai 1997 ulizifunza nchi za Asia Mashariki kwamba majirani wasio na akiba ya pamoja hulazimika kukopa kwa masharti ya wageni. Mwezi Mei 2000, mjini Chiang Mai, wanachama wa ASEAN pamoja na China, Japani na Korea Kusini walikubaliana kukopeshana fedha za kigeni pindi sarafu ya mmojawapo inapoyumba. Mwaka 2010 mikataba ya nchi mbili mbili iliunganishwa kuwa mkataba mmoja wa dola bilioni 120, ambazo baadaye ziliongezwa hadi bilioni 240. Fedha zenyewe hubaki katika benki kuu ya kila nchi. Kinachounganishwa ni ahadi.

Hata hivyo, hakuna nchi iliyowahi kukopa. Sababu mojawapo ni kwamba sehemu kubwa ya mkopo hufungamanishwa na mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kwani ni vigumu kwa jirani kumwekea jirani masharti. Mwaka 2008 Korea Kusini iliegemea dola za benki kuu ya Marekani.

Kwa hiyo, kipimo cha ushirikiano si wingi wa ahadi, bali utayari wa majirani kukaguana.