Panzi wa Ubaoni na Mbung'o wa Nguruman

Nilipokuwa katika shule ya upili, mwalimu wetu wa bayolojia alituchorea panzi ubaoni kwa chaki ya rangi tatu, nasi tukamnakili kwa utiifu: kichwa, kifua, tumbo, miguu sita, vipapasio viwili. Wakati huohuo panzi wa kweli walikuwa wakirukaruka nje ya dirisha, katika nyasi za uwanja wa kandanda, na hakuna aliyetumwa kumleta hata mmoja. Mwenzetu aliyethubutu kumfungia panzi koponi ili amtazame akila aliadhibiwa kwa kuleta uchafu darasani. Mtihani ulipofika sote tulimchora panzi sawasawa. Alikula nini, na aliishi vipi, hatukujua.

Kisa hicho hunijia kila nisikiapo watu wakiwacheka wataalamu wa wadudu. Yawezekanaje, huuliza, mtu mwenye akili timamu na shahada zake apitishe umri akiwafuata nzi? Hata lugha yetu inashiriki katika dharau hiyo, kwani neno dudu hatulitumii kwa heshima.

Profesa Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1931, aliligeuza neno hilo kuwa fahari. Baada ya masomo ya Makerere na Cambridge alirejea nyumbani, na mwaka 1970 akaanzisha jijini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu kijulikanacho kama ICIPE. Makao yake ya Kasarani huitwa Duduville. Profesa alifariki mwaka 2003, lakini kituo kingalipo.

Tuchukue mfano mmoja wa kazi iliyofanywa na watafiti wa kituo hicho katika miaka ya 1980, huko Nguruman, chini ya magenge ya Bonde la Ufa upande wa Magadi. Adui aliyefuatwa huko ni mbung'o, aenezaye nagana kwa mifugo na, katika sehemu nyingine, malale kwa binadamu. Siku ya mtafiti wa mbung'o haina makeke. Asubuhi huzungukia mitego, hufungua mifuko iliyo juu yake, huhesabu nzi, huwatenga majike na madume. Hutazama kingo za mabawa, kwa maana kadiri nzi anavyozeeka ndivyo mabawa yanavyochanika. Kisha huketi mbele ya hadubini na kumpasua nzi mmoja baada ya mwingine, akitafuta vimelea mdomoni na matumboni. Kesho yake huanza upya.

Mtego wenyewe, uitwao NGU kwa kukumbuka mahali ulikobuniwa, ni kitambaa cha buluu na cheusi chenye chandarua juu. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, na cheusi humshawishi atue. Akitaka kuondoka huelekea juu penye mwanga, akanaswa. Kando yake huwekwa chupa ya asetoni, kemikali iliyomo katika pumzi ya ng'ombe, pamoja na chombo cha mkojo wa ng'ombe. Naam, mkojo! Kitu ambacho mfugaji alikikanyaga kila siku zizini kiligeuka kuwa chambo, kwa sababu kuna mtu aliyejiuliza mbung'o humjuaje ng'ombe asiyemwona.

Lakini ajabu kuu imo ndani ya mdudu mwenyewe. Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o hatagi. Hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha humohumo kwa umajimaji mfano wa maziwa, na humzaa baada ya siku tisa au kumi. Buu hujichimbia udongoni, ngozi yake ikawa gamba gumu, na baada ya mwezi hivi hutoka nzi mzima. Kwa uzazi wa polepole namna hiyo, ukiwanasa majike wanne tu katika kila mia moja kila siku, na wengine wasihamie kutoka nje, ukoo mzima hatimaye huangamia. Asiyejua mbung'o anavyozaa hangethubutu kupigana naye kwa kitambaa.

Wamaasai wa Nguruman walishirikishwa katika kazi hiyo, na mbung'o wakapungua mno. Hata hivyo, baada ya mvua nyingi walivamia tena kutoka maeneo yasiyotegwa. Ushindi dhidi ya wadudu hauwekwi kabatini kama kikombe cha mpira. Mitego husafishwa, vitambaa hubadilishwa, chambo huongezwa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Nagana, kwa upande wake, ingali inawakondesha ng'ombe wetu.

Ndugu walimu, najua mtaala ni mrefu na vifaa ni haba. Mimi pia nilishika chaki. Lakini kopo la plastiki, kipande cha chandarua na uzi havihitaji bajeti ya wizara. Mpeni kila mwanafunzi mdudu mmoja amlishe kwa wiki mbili, aandike kila jioni alichokiona, kisha amwachilie. Hadubini, ikipatikana, itakuta macho yaliyokwisha kuzoea kutazama.