Homa Iliyozuka Valencia

Februari 2021, wanadamu wenyewe wakiwa bado na barakoa usoni, homa ilizuka katika mashindano ya farasi ya kuruka viunzi huko Valencia, Hispania. Farasi zaidi ya 750 walikuwa wamewekwa pamoja uwanjani hapo. Baadhi walianza kuyumba, miguu ya nyuma ikalegea, wakaanguka. Walioshindwa kusimama walishikiliwa kwa mikanda iliyoning'inizwa juu.

Waliugua EHV-1, aina ya virusi vya herpesi ya farasi. Vimeenea duniani kote, na farasi wengi huvipata wakiwa wadogo, kisha vikajificha mwilini. Uchovu wa safari unaweza kuviamsha. Kwa kawaida huleta mafua au huharibu mimba. Mara chache hushambulia uti wa mgongo, na hapo chanjo zilizopo hazina kinga ya uhakika.

Baadhi ya farasi walikuwa wameshaondoka, na maambukizi yakagunduliwa hadi Doha, Qatar. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilisimamisha mashindano katika nchi kadhaa za Ulaya kwa wiki sita. Fainali za Kombe la Dunia za Gothenburg, Sweden, zikafutwa. Farasi 18 walikufa.

Farasi huambukizana wakikaribiana pua, lakini binadamu naye ni mchukuzi hodari. Saisi hupangusa pua ya farasi mmoja, kisha kwa mikono ileile akamfunga hatamu wa pili. Mpira wa maji hutumbukizwa ndoo hii, kisha ile. Hatamu huazimwa, kitambaa pia.

Homa kwa kawaida hutangulia kulegea kwa miguu. Ndiyo maana FEI sasa hudai farasi wapimwe joto mara mbili kwa siku na vipimo viingizwe kwenye programu ya simu. Joto likipita nyuzi 38.5, daktari wa mifugo huarifiwa, na lazima pawepo mabanda ya kutengea wagonjwa.

Kipimajoto ni rahisi kununua. Kazi ipo kwa mwenye farasi aliyekwisha kulipa nauli, kiingilio na hoteli, kisha asubuhi ya mashindano akakuta 38.7. Kunyamaza kunamshawishi, na hakuna programu ya simu inayoweza kumzuia kuandika 37.9.

Kuondoka kwa farasi mashindanoni nako sasa huandikwa. Ugonjwa ukizuka baadaye, madaktari hujua ni farasi gani walikuwepo na waanze kuwatafuta wapi.