Ruta ya Waya Nyumbani: Ugawaji wa Intaneti na Tatizo la Foleni

Mtu mwenye kompyuta moja tu nyumbani hana haja kubwa ya ruta. Huchomeka waya kutoka kwenye modemu hadi kwenye kompyuta yake, na kazi imekwisha. Shida huanza kompyuta ya pili inapoingia nyumbani. Hapo ndipo wengi huenda dukani wakarudi na swichi, kwa kuwa ina matundu mengi na bei yake ni nafuu, kisha hushangaa kuona kwamba ni kompyuta moja tu ipatayo intaneti, na nyingine zimekaa bure.

Kosa hilo halitokani na ubovu wa chombo. Kazi ya swichi ni kupeleka pakiti za habari kutoka tundu moja hadi jingine, basi. Kampuni itoayo huduma, kwa upande wake, aghalabu humpa mteja wa nyumbani anwani moja. Anwani za toleo la nne, ambalo bado linatumika sana, zimeundwa kwa biti 32. Kwa hiyo idadi yake haiwezi kuzidi 4,294,967,296, nayo ni ndogo kuliko idadi ya watu duniani. Akiba kuu ya anwani hizo ilimalizika kugawiwa tarehe 3 Februari, mwaka 2011 ukiwa bado mchanga. Toleo la sita, lenye biti 128, lilibuniwa ili kuondoa uhaba huo.

Ruta huukabili uhaba huo kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa bweni anaifahamu. Shule ina sanduku moja la posta. Barua za wanafunzi wote hufika humo, na karani huzigawa kwa kutazama majina. Ruta ndiyo karani wetu. Huzipa kompyuta za nyumbani anwani za ndani, mathalani 192.168.1.10 na 192.168.1.11, ambazo hazitumiki katika intaneti ya nje. Pakiti inapotoka, ruta huondoa anwani ya ndani, huweka anwani ile moja iliyotolewa na kampuni pamoja na namba maalumu, kisha huandika jambo hilo katika jedwali lake. Jibu linaporudi, hulitazama jedwali na kujua ni la nani. Utaratibu huu ulielezwa kwa maandishi mwaka 1994.

Je, mnunuzi atazame nini? Matangazo husifu kasi. Lakini mwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde haongezewi kasi ya intaneti kwa kununua ruta yenye matundu ya megabiti 1,000 badala ya 100. Atanufaika tu akihamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta zake mwenyewe. Waya nao usidharauliwe. Ndani yake mna nyuzi nane zilizosokotwa jozi jozi, na urefu usizidi mita 100. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili, ile ya 1,000 hutumia zote nne. Uzi mmoja ukikatika, kasi huweza kuporomoka bila mwenye nyumba kujua sababu. Tena nywila iliyotoka kiwandani ibadilishwe siku ile ile ya kwanza. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu nywila za kiwandani.

Jambo lisiloandikwa mara nyingi kwenye boksi, nalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko hayo yote, ni foleni. Tuchukue laini ipelekayo nje megabiti 1 kwa sekunde, na modemu yenye nafasi ya kuhifadhi baiti 250,000 zinazongoja zamu. Mtu mmoja anapopeleka video, nafasi hiyo hujaa. Baiti 250,000 ni biti 2,000,000. Kwa hiyo pakiti ndogo ya sauti ya mwanafunzi aliye darasani kwa njia ya intaneti itangoja sekunde 2 kabla ya kutoka. Mwalimu ameuliza swali, mtoto amejibu, na jibu limefika wakati mwalimu amekwisha kumgeukia mwingine. Kupanua nafasi ya kungojea, jambo linaloonekana kuwa la busara, huzidisha ugonjwa.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha dawa yake. Badala ya kuhesabu pakiti zilizo katika foleni, ruta hupima muda ambao kila pakiti imengoja. Ungojaji ukizidi milisekunde 5 kwa kipindi fulani mfululizo, ruta hutupa baadhi ya pakiti, na kompyuta inayotuma hupunguza mwendo. Mfumo uitwao fq_codel, uliochapishwa rasmi mwaka 2018, huongeza jambo la pili: hutenganisha mikondo ili kila mmoja upate zamu yake. Dawa hii haifanyi kazi ila ruta iwekewe kikomo cha kasi kilicho chini kidogo ya kasi ya laini, ili foleni ihamie kwenye ruta badala ya kubaki kwenye modemu.

Darasa laweza kulipima jambo hili kwa amri ya ping. Andikeni milisekunde zinazoonyeshwa laini ikiwa tulivu. Kisha kompyuta nyingine ianze kupeleka faili kubwa, nanyi mwandike tena. Zikipanda kutoka makumi hadi mamia au maelfu, foleni ipo, na laini ya bei kubwa zaidi isinunuliwe kabla ya ruta yenyewe kuchunguzwa.