MOYO ULIOCHOKA HUPUMZISHWA



Umekwisha kujua kusoma na kuandika. Unaweza kuandika barua. Unaweza kusoma mizani unapouza mazao yako. Leo tutajifunza kazi nyingine ya kalamu. Kalamu inaweza kusaidia kurudisha amani ya moyo baada ya taabu.

Taabu hufanya nini mwilini?

Hapa Busawe taabu tunazijua. Ng'ombe huibiwa usiku. Jua hukausha mahindi. Katika vijiji vya wilaya ya Serengeti vilivyo karibu na hifadhi, tembo huweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja.

Tumchukue mkulima mmoja awe mfano wetu. Maksai wake wawili wameibiwa, na msimu wa kulima umefika. Usiku hapati usingizi. Mchana kichwa kinamuuma. Chakula hakimpendezi. Anawagombeza watoto bila sababu. Jioni anakwenda kunywa pombe ili asahau. Asubuhi shida iko pale pale, na fedha imepungua.

Watu wengine husema amerogwa. Wengine husema amekuwa mvivu. Tusiseme hivyo. Ukikutana na fisi njiani, moyo hupiga haraka na misuli hukaza. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Fisi akienda zake, mwili hutulia. Lakini mawazo ya maksai walioibiwa ni kama fisi asiyeondoka. Mwili haupumziki mchana wala usiku. Hali hii huitwa msongo wa mawazo. Inaweza kumpata mtu yeyote, hata mwenye nguvu.

Mabibi wa Harare

Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda. Mgonjwa wake mmoja alijiua. Familia yake haikuwa na nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Daktari huyo alisikitika sana. Akaona kwamba msaada lazima uwe karibu na watu.

Mwaka 2006 alianza kazi na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Mabibi hao walifundishwa kusikiliza. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi, nje ya zahanati. Kwa Kishona, ugonjwa huo huitwa kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Sisi nasi husema, "Ana mawazo mengi."

Bibi hamwamuru mgonjwa. Anamwuliza shida zake zote. Kisha wanachagua shida moja tu, na kutafuta hatua ndogo ya kuanzia. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliohusu watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliosaidiwa kwa njia hiyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida.

Mkulima wetu anaweza kufanya hivyo. Amweleze mtu anayemwamini na anayetunza siri. Anaweza kuwa mke wake, ndugu, au mzee wa kijiji. Kisha achague hatua moja. Labda aombe kulimiwa na jirani mwenye plau, naye alipe kwa kupalilia shamba la jirani huyo.

Mambo matatu mema

Elimu ya akili na tabia za watu huitwa saikolojia. Kwa miaka mingi wataalamu wake walichunguza zaidi magonjwa. Mwaka 1998 mtaalamu wa Marekani, Martin Seligman, aliwahimiza wenzake wachunguze pia mambo yanayompa mtu nguvu na furaha.

Mwaka 2005 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio moja. Watu waliambiwa waandike mambo matatu mema ya siku hiyo, kila usiku kwa wiki moja. Waliambiwa pia waandike sababu ya kila jambo. Miezi sita baadaye, watu hao walikuwa na furaha zaidi kuliko wenzao walioandika habari za utotoni tu. Waliofaidika zaidi ni wale walioendelea kuandika hata baada ya wiki kwisha.

Wewe unaweza kujaribu. Fanya hivi:

1. Chukua daftari kabla ya kulala.
2. Andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri leo. Yawe madogo, si kitu.
3. Andika kwa nini kila jambo lilitokea.
4. Endelea kwa siku saba.

Mkulima wetu anaweza kuandika hivi:

"Jirani alinisalimu na kukaa nami, kwa sababu ananijali. Binti yangu alinisomea barua, kwa sababu tulimpeleka shule. Nilipanda mihogo mistari miwili, kwa sababu niliamka mapema."

Kuandika hakurudishi ng'ombe. Wizi lazima upelekwe kwa viongozi wa kijiji na polisi. Wala hatusemi kwamba mtu acheke akiwa msibani. Mtu aliyefiwa alie. Lakini taabu hufunika macho, tukaona hasara tu. Daftari hutukumbusha kilichobaki. Kilichobaki ndicho tutakachoanzia kazi.

Wakati wa kwenda zahanati

Usingoje kama huzuni imezidi wiki mbili, au kama hulali na huwezi kufanya kazi. Nenda zahanati ukaeleze. Mtu akisema anataka kufa, msimcheke wala msimwache peke yake. Ondoeni sumu ya mifugo, kamba na visu karibu naye. Mpelekeni kwa mganga wa zahanati siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa moyo mzito una matibabu kama malaria ilivyo na matibabu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Ni taabu gani zinazoleta mawazo mengi kijijini kwetu?
2. Kwa nini pombe haiondoi mawazo?
3. Nani katika kijiji chetu anajua kusikiliza na kutunza siri?
4. Andika mambo matatu mema ya leo. Ukipenda, msomee mwenzako.