Farasi Vijana Wajiandaa kwa Mbio Kubwa

Ndugu msomaji, je, umewahi kumwona farasi? Huenda umemwona katika picha tu. Punda unamjua vizuri. Hubeba maji, mahindi na kuni. Lakini ndugu yake farasi hakuenea sana katika nchi zetu, na sababu kubwa ni magonjwa. Mbung'o humletea nagana. Usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni, humletea homa kali inayoweza kumwua kwa siku chache. Punda huistahimili homa hiyo kuliko farasi.

Leo tutazungumza juu ya farasi wa mbali, katika jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Huko kuna watu wafugao farasi kama sisi tufugavyo ng'ombe. Lakini farasi hao hawalimi wala hawavuti gari. Kazi yao ni moja tu: kukimbia.

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Mei, hufanyika mbio kubwa katika mji wa Louisville. Huitwa Kentucky Derby, nazo zilianza mwaka 1875. Mwaka 2020 zilisogezwa mpaka Septemba kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanaoshindana ni farasi wa miaka mitatu peke yao, na hawazidi 20. Hukimbia kilometa mbili na kidogo. Farasi aitwaye Secretariat alizikimbia mwaka 1973 kwa muda usiotimia dakika mbili, na mpaka mbio za 2025 hapakuwa na aliyemshinda kwa muda huo. Piga hesabu mwenyewe. Ni mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kama basi la abiria, naye amebeba mtu mgongoni.

Wiki mbili baada ya mbio hizo huja nyingine katika jimbo la Maryland. Wiki tatu tena, huja za tatu huko New York. Farasi akishinda zote tatu katika mwaka mmoja, jina lake halisahauliki. Toka mwanzo mpaka mwaka 2025 wamefaulu farasi 13 tu.

Sasa tuone jinsi farasi kijana anavyoandaliwa.

Kwanza ni kuzaliwa. Farasi hubeba mimba miezi 11 hivi. Huenda wewe unajua habari za kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila ya dume kuletwa zizini. Kwa farasi hawa wa mbio jambo hilo limekatazwa. Sharti dume na jike wakutane wenyewe, na mtu ashuhudie. Mtoto aliyepatikana kwa mrija haandikishwi, na asiyeandikishwa hakimbii.

Kuna sheria nyingine ya ajabu. Farasi wote wa mbio wa huko huhesabiwa kuongeza mwaka siku moja, tarehe 1 Januari. Mtoto aliyezaliwa Februari na yule aliyezaliwa Mei wote huitwa wa mwaka mmoja ifikapo Januari. Wa Februari amemtangulia mwenzake kwa miezi mitatu ya kunyonya na kukua. Kwa hiyo kila mfugaji hutaka majike yake yazae mapema. Lakini farasi jike hapati joto wakati wa baridi, maana siku za huko huwa fupi sana. Wafugaji hufanya nini? Huwasha taa katika mabanda jioni, ili jike adhani kwamba siku zimekuwa ndefu. Hivyo hupata joto kabla ya wakati wake.

Mtoto akitimiza mwaka na miezi kadhaa hupelekwa mnadani. Wanunuzi hutazama miguu, kifua, na jinsi anavyotembea. Huuliza pia baba yake ni nani na mama yake ni nani. Bei zake zinashangaza. Mwaka 2006 farasi mmoja wa miaka miwili aliuzwa dola milioni 16. Aliitwa The Green Monkey. Alikimbia mara tatu tu, na hakushinda hata mara moja. Mwaka 1975 mwingine aliuzwa dola 17,500. Huyo aliitwa Seattle Slew, naye mwaka 1977 alishinda mbio zote tatu kubwa. Hivyo wenye fedha wananunua miguu na ukoo, lakini hawajui wamenunua nini mpaka mnyama akimbie.

Baada ya kununuliwa huanza kufundishwa. Kwanza huzoezwa lijamu kinywani. Kisha tandiko huwekwa mgongoni polepole. Halafu mtu hulala juu ya mgongo wake kwa tumbo, ndani ya banda, ili mnyama auzoee uzito. Baada ya siku kadhaa mtu huyo huketi, nao hutembea. Baadaye huenda mwendo wa matiti, na mwishowe shoti. Kazi hii haitaki fimbo. Farasi aliyetishwa leo hukumbuka kesho. Ukiwa umefundisha ng'ombe wa kukokota plau, jambo hili unalijua.

Akifika miaka miwili hupelekwa uwanjani, huishi katika banda lake mwenyewe, na siku yake huwa hivi.

Kabla ya jua kuchomoza huja saisi, yaani mtunza farasi. Wengi wa masaisi wa huko ni watu waliohama kutoka Mexico, Guatemala na nchi nyingine za jirani. Majina yao hayaandikwi magazetini, bali wao ndio wamjuao farasi kuliko mwenye mali. Saisi hutazama hori kwanza. Je, amemaliza chakula chake cha usiku? Asipomaliza, kuna jambo. Kisha humpima joto la mwili. Halafu hupiga magoti na kuipapasa miguu ya mbele, mmoja mmoja, toka goti mpaka ukwato. Anatafuta joto na uvimbe. Mahali penye joto kuliko jana pana maumivu, hata kama mnyama hajachechemea.

Baadaye farasi hutolewa kwa mazoezi. Siku nyingi hukimbia taratibu tu. Mara moja hivi kwa wiki huachiwa mbio kali kwa mita 800 au 1,000, na mtu hushika saa. Akirudi huzungushwa kwa miguu mpaka apoe, akipewa maji kwa funda chache chache. Huoshwa, hufungwa vitambaa miguuni, hupewa majani makavu na nafaka. Basi. Saa zote zilizobaki za mchana na usiku yumo bandani. Mimi naona hayo ni maisha ya upweke kwa mnyama aliyezoea kuwa kundini, na masaisi wengine huliona hilo. Ndiyo maana baadhi yao humwekea farasi mbuzi awe mwenziwe.

Sasa, ndugu msomaji, tufike kwenye jambo lenyewe. Farasi mzima ana uzito wa kilo 450 au 500. Akienda shoti, kuna nukta ambapo uzito wote uko juu ya mguu mmoja. Nguvu inayoupiga mguu huo ni zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Na mguu wenyewe ni mwembamba. Chini ya goti hakuna nyama ya kuuegemeza, ni mfupa, kano na ngozi.

Mfupa ni kitu kilicho hai. Ukipewa kazi kidogo, ukapumzishwa, hujijenga na kuwa mnene pale unapogongwa. Kwa sababu hiyo haifai farasi kijana akae bure. Lakini mfupa ukipewa kazi nyingi kabla haujajijenga, hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyufa hizo zikiongezeka, siku moja mguu huvunjika katikati ya mbio.

Huenda utauliza: Mguu ukivunjika si hufungwa, kama wa mtu? Mtu hulala kitandani miezi miwili. Farasi hawezi kulala hivyo. Mwili wake mzito huumiza mapafu na matumbo akilala muda mrefu. Sharti asimame. Akisimama kwa miguu mitatu, ule mguu mzima wa upande wa pili huelemewa, na ukwato wake huharibika ndani. Mwaka 2006 farasi aitwaye Barbaro alishinda Kentucky Derby. Wiki mbili baadaye, katika mbio za Maryland, mguu wake wa nyuma ulivunjika. Madaktari wa mifugo walimwunga kwa vyuma na kumwuguza miezi minane. Mfupa ulianza kupona, lakini kwato nyingine zikaharibika. Januari 2007 walimwua ili asiteseke zaidi. Mwaka 2008 jike aitwaye Eight Belles alishika nafasi ya pili katika Kentucky Derby. Mara tu baada ya kuvuka mwisho alivunjika miguu yote miwili ya mbele. Aliuawa palepale uwanjani.

Mwaka 2023 mambo yalizidi. Katika wiki chache za kabla na baada ya mbio hizo, farasi 12 walikufa katika uwanja wa Louisville. Mbio zilizobaki za majira hayo zilihamishiwa uwanja mwingine. Tayari mwaka 2020 bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria moja ya nchi nzima juu ya usalama wa farasi na dawa, nayo ilianza kutumika mwaka 2022. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na sheria yake. Dawa ya kuondoa maumivu ni jambo la hatari hapa. Farasi aliyechomwa sindano hiyo hajui kama mguu wake una ufa. Hukimbia tu.

Kwa nini basi wenye farasi wanakuwa na haraka? Kwa sababu farasi huwa na miaka mitatu mara moja tu. Kila mwaka huandikishwa watoto zaidi ya 16,000 wa ukoo huu, na nafasi ni 20. Tangu mwaka 2013 nafasi hizo hutafutwa kwa pointi. Farasi hukusanya pointi katika mbio ndogo za majimbo mbalimbali, kuanzia akiwa na miaka miwili mpaka Aprili ya mwaka wa mbio. Mshindi wa mbio za mwisho zilizo kubwa, kama zile za Florida au California, hupata pointi 100. Asiye na pointi hubaki nyumbani. Na zawadi ya mbio za Mei imefika dola milioni tano, bila kuhesabu fedha zinazotupwa na watu katika kamari.

Lakini haraka hailipi kila mara. Mwaka 1984 zilianzishwa mbio za kumtafuta bingwa wa miaka miwili. Mabingwa hao hutajwa sana magazetini, na watu husema, “Huyu ndiye wa Mei.” Toka wakati huo mpaka 2025, mabingwa wawili tu walishinda pia Kentucky Derby: Street Sense mwaka 2007 na Nyquist mwaka 2016. Tena yuko Justify. Huyo hakukimbia kabisa alipokuwa na miaka miwili. Alianza mbio Februari 2018, na kufika Juni mwaka huo alikuwa ameshinda zote tatu kubwa bila kushindwa hata mara moja.

Nitamaliza kwa habari ya farasi aitwaye Sovereignty. Ni mali ya kampuni ya mbio ya mtawala wa Dubai, na mwalimu wake ni Mmarekani, Bill Mott. Tarehe 3 Mei 2025 kulinyesha sana Louisville na uwanja ukawa tope. Watu wengi waliweka fedha zao kwa farasi mwingine, Journalism. Sovereignty alikuwa nyuma mwanzoni, akaja akampita Journalism katika mita za mwisho.

Baada ya ushindi huo kila mtu alitaka kumwona Maryland. Bila ya Maryland hawezi kupata zile tatu. Mott na wenye farasi wakakataa. Walisema kwamba wiki mbili ni chache kwa farasi huyu, naye apumzike. Wapenzi wa mbio walinung'unika sana. Journalism alikwenda Maryland, akabanwa na wenzake karibu aanguke, hata hivyo akashinda. Tarehe 7 Juni walikutana tena katika mbio za New York. Mmoja alikuwa amepumzika wiki tano, mwingine alikuwa katika mbio zake za tatu kwa wiki tano. Sovereignty alishinda.

Agosti alishinda tena mbio kubwa za huko New York, na watu wakangojea Novemba, atakapopambana na farasi wakubwa kwa umri. Siku chache kabla ya mbio, alipatikana na homa. Homa ilishuka alipotibiwa. Lakini mwalimu aliliondoa jina lake katika orodha, na farasi akabaki bandani.